Goti la Mzee Asiyekunywa

Uswidi, mwezi wa pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya mama, Mayu wetu, mpelekee jikoni kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameshaanza kuuliza, "Ameandika nini?" nawe hata bahasha hujaichana vizuri. Mimi binti yenu Kabula ni mhola, mzima kabisa. Nakula, nalala, nafanya kazi. Ninyi je? Mvua imewakumbuka? Ng'ombe wanapata maji karibu, au bado mnawaswaga mpaka kule mbali? Huku theluji imefika usawa wa dirisha, na jua linachungulia kidogo tu kisha linarudi ndani. Nimeshazoea. Hospitalini wananiita nesi wa Shinyanga, ingawa wakijaribu kulitamka jina la kwetu ndimi zao zinagoma.

Barua ya kaka Masanja imenifikia Jumatatu. Usimgombeze, Baba. Kama asingeniandikia yeye, wewe usingeniandikia kamwe. Ameeleza jinsi ulivyosimama mbele ya kanisa Jumapili ile kuongoza sala ya mwisho, ukafumba macho, ukayumba, ukashika meza, na meza nayo ikaenda chini pamoja nawe. Anasema kabla ng'ombe hawajarudi zizini habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima kwamba mzee wa kanisa amelewa. Wewe! Mtu ambaye hata togwa iliyolala huigusi! Anasema pia kwamba wazee wenzako watakaa kikao baada ya Pasaka, na kwamba wewe umeazimia kurudisha ufunguo wa kanisa kabla hawajakuuliza neno, kisha ukae nyuma kabisa na kunyamaza.

Nitasema kweli, hata kama inaniaibisha. Niliposoma nilijiuliza, je, mambo yamemzidi Baba akaanza kuonja? Ilichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, lakini nilijiuliza. Nisamehe. Kesho yake kazi yangu ilinijibu, na ndiyo maana nakuandikia kwa haraka namna hii.

Sijapata kukueleza vizuri ninachofanya huku. Nilikuja kusomea kuwahudumia wagonjwa wa viungo, na mwaka huu wa pili nimepangwa na daktari mmoja mwanamke anayechunguza magoti ya wazee. Ni wale ambao gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, mifupa inasagana, na asubuhi wanaamka miguu migumu kama yako. Mgonjwa anakaa kwenye kiti kirefu, tunamfunga macho, kisha mashine inauinua mguu wake polepole sana. Akihisi umeanza kusogea anabonyeza kitufe. Kijana mzima anabonyeza mara moja. Wazee wetu hawa, mguu unakwenda, unakwenda, naye ametulia anasubiri uanze!

Basi Jumanne alikuja Mzee Karl, mkata magogo wa zamani, mwenye mikono kama majembe. Alisimama wima, macho wazi, hana shida. Nikamwambia afumbe macho. Baba, aliyumba akaja upande wangu mzima mzima, nikamdaka kwa mkanda wa suruali. Akacheka, akasema, "Binti, mke wangu anadhani nimeficha chupa kule kwenye banda la kuni."

Mimi sikucheka. Niliketi kwenye kiti cha mgonjwa nikalia mbele ya watu. Daktari akaniuliza nina nini, nami nikamweleza habari zako zote, kuanzia mgodi wa Geita.

Nilimwambia ulivyofanya kazi mgodini miaka ile kabla haujafungwa, ukipanda na kushuka ngazi na mawe begani, na kwamba magoti hayo ndiyo yaliyonipeleka mimi shule wakati baba wengine waliwaozesha binti zao. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akachukua kalamu akanichorea goti. Ndani yake kuna kano ngumu zinazoshika mfupa wa paja na mfupa wa muundi isiachane. Sisi tulifundishwa kuwa kano ni kamba tu za kufungia. Kumbe ndani yake kuna ncha ndogo ndogo za mishipa ya fahamu, na kila goti linapokunjwa au kunyooshwa zinavutika na kupeleka habari kwenye ubongo. Ni kama mchungaji anayepiga mluzi porini ili mwenzake ajue kundi liko wapi bila kuliona. Goti likiisha kulika, mluzi huo unafifia. Mchana, macho yanasaidia, mtu anatembea vizuri tu. Akiyafumba, au giza likiingia, hajui mguu wake uko wapi.

Sasa fikiri, Baba. Ni mahali gani mtu mzima wa kijijini kwetu anasimama wima muda mrefu na macho yamefumbwa, mbele ya watu? Ni kwenye sala tu. Mlevi huyumba njiani, sokoni na nyumbani kwake. Wewe umeyumba ukiwa unasali.

Na bado kuna la kitambaa. Unakumbuka mwaka ule nilipoondoka, Mayu alikuwa anakufunga kipande cha kaniki gotini kila asubuhi kabla ya kwenda shamba? Ulisema ukikifunga mguu "unarudi kuwa wako." Kisha mama kiongozi wa kwaya akakiona, akasema mzee wa kanisa amevaa hirizi, amekwenda kwa mganga. Nawe, kwa kutotaka kumkwaza mtu, ukakifungua mbele yao ukakitupa. Hukubishana hata neno moja. Nilikasirika siku ile, na leo nimekasirika zaidi.

Nilimsimulia daktari hilo pia, kama mtu anayesimulia mambo ya kwao tu. Akaacha kuandika. "Alifunga wapi? Juu ya goti au katikati? Alikaza kiasi gani?" Nikachukua bandeji ya kuvutika, nikamfunga Mzee Karl vile vile anavyofunga Mayu, mizunguko miwili na fundo pembeni. Tukamrudisha kwenye mashine. Akabonyeza kitufe mapema kuliko mwanzo. Tukarudia, akabonyeza mapema tena. Daktari anasema huenda ngozi ikibanwa nayo inasaidia kupeleka habari pale kano zinaposhindwa. Anasema ni mapema kusema zaidi, na kwamba tutawafunga wagonjwa wengine tuone. Akaniuliza, "Baba yako alisomea udaktari?"

Nikamjibu, "Hapana. Ni mkulima wa pamba."

Akasema, "Mwambie ametutangulia."

Baba, nilitembea kurudi bwenini kwenye theluji ile sijisikii baridi. Nilitamani nikutane na mtu wa kwetu nimshike mkono nimwambie. Sikukutana na yeyote, nikamwambia mwanamke anayeuza magazeti, naye akanipongeza ingawa sidhani alielewa.

Sasa nisikilize, maana leo mtoto anamwagiza mzazi. Usirudishe ufunguo. Ukiurudisha kabla hawajakuuliza, umewajibu kwamba ni kweli. Nenda kwenye kikao, kaa kitini, na wakikuuliza kama ulikunywa sema hapana, kisha uwaeleze habari ya goti kama nilivyokueleza. Wakikataa kuelewa, mwombe Mchungaji kwa heshima zote asimame kwa mguu mmoja, afumbe macho, na wazee wahesabu mpaka kumi. Namheshimu sana, lakini sidhani atafika saba! Ndani ya bahasha kuna karatasi ya daktari yenye muhuri, na nyuma yake nimeitafsiri mwenyewe. Itoe mwishoni. Nataka wakusikie wewe kwanza.

Sitakudanganya kwamba utapona. Gegedu likishalika halirudi, na maumivu ya asubuhi utakuwa nayo. Lakini ukisali, sali macho wazi, ukiwa umeshika kitu. Bwana Yesu mwenyewe aliomba akitazama juu mbinguni. Na ndugu mmoja wa Mwanza anayerudi wiki ijayo amekubali kubeba barua hii pamoja na bandeji nne. Mayu akufunge kanisani, mlangoni, watu wakitazama.

Nisalimie kaka Masanja, na mwambie amefanya jambo la kiume kuniandikia. Nisalimie shangazi mkubwa, aliyenilea nilipougua surua, na mjomba wa kule Isaka anayepakia mabehewa stesheni; naye alinde magoti yake. Nisalimie wifi yangu na watoto. Na yule mama kiongozi wa kwaya, msalimie kwa upendo. Mwambie huku Ulaya nimewafunga Wazungu hirizi magotini na daktari wao ameshukuru.

Nimewahi kuona aibu ya mambo mengi katika nchi hii ya watu, Baba: matamshi yangu, viatu vyangu, hata barua zangu zinazochelewa. Jina lako sijawahi kulionea aibu, na juma hili limenifanya nitembee kifua mbele mpaka wenzangu wananitania. Wanaponiuliza mimi ni nani kwetu, nawajibu kama ninavyotia sahihi hapa.

Kabula, binti wa Mzee wa Kanisa.

Sikuandika neno "aliyekuwa", na usinilazimishe kuliandika.