Tembe za Nekesa

Jumatatu, 6 Februari 2006

Uji. Tembe. Kichinjioni kabla ya saa moja. Kazi yangu ni kuandika ng'ombe wanaoingia: rangi, alama, mwenyewe. Kwa ukame huu wengine wanashushwa kwenye lori wakiwa wamebebwa. Wazee wa Kimaasai wanasimama kando na hawaangalii. Saa nne joto likanipanda kutoka kifuani hadi utosini, blauzi ikalowa mbele ya madereva. Ni hizo tembe za saratani, tamoksifeni. Daktari alinionya itanizeesha kabla ya wakati. Bora kutoa jasho kuliko kuoza. Titi la kushoto lilienda mwaka juzi. Mume wangu naye akaenda, kazini Magadi, na hajarudi hata Krismasi.

Jioni nikamkuta Naliaka mlangoni. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Ana saluni Kajiado mjini na huwa haji bila kupiga simu. Alifungua vifungo kabla ya kukaa. Titi la kulia, uvimbe mkubwa kama yai la bata, ngozi juu yake ina vishimo kama ganda la chungwa. Nikamuuliza ameuona lini. Akasema zamani kidogo.

"Nilikuwa naombewa."

Nilimtukana. Nilimwita mjinga hadi jirani akazima redio asikilize. Huyu alifua nguo zangu za hospitali. Aliniona nikitolewa mirija ya damu kwapani. Na bado akangoja.

Alhamisi, 23 Februari

Wamemkata leo, Nairobi. Titi lote na tezi za kwapa.

Mama alifika jana kutoka Kimilili na kuku wawili na unga. Tulikaa naye kwenye benchi la hospitali asubuhi nzima. Halafu akasema, akiangalia sakafu: "Hii kitu ilikuwa imeshakupata wewe. Si ingebaki huko tu."

Nikaenda kununua maji. Nikayanywa yote nimesimama.

Jumanne, 14 Machi

Daktari ni kijana. Anaongea polepole na anamtazama mtu usoni. Alisema saratani si ugonjwa mmoja. Yangu hula homoni za kike, na tembe inaziba pale homoni inapoingilia, basi inakosa chakula. Ya Naliaka haijali homoni. Imejaa protini fulani inayoisukuma ikue mbio. Kuna dawa mpya inayoilenga hiyo protini yenyewe, ya dripu, mwaka mzima. Nairobi inaweza kuagizwa. Akataja bei.

Mama akauliza amesema nini. Nikamwambia kwa Kibukusu: shamba lote, nyumba, ng'ombe, na bado haitoshi. Daktari akaanza kuchezea kalamu yake. Akasema Naliaka atapata kemo ya kawaida na tutaona.

"Na hizi za Nekesa?" Naliaka akauliza. "Si tunaweza gawana?"

"Hazitakusaidia," daktari akasema. "Ugonjwa wako hauna mahali pa kuzishika."

Nikatafsiri hilo pia, neno kwa neno. Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga.

Jumapili, 2 Aprili

Naliaka anakaa kwangu sasa, mama pia. Saluni imefungwa. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, jana akazinyoa zote mwenyewe kwa kioo changu cha bafuni. Mtu aliyesuka nusu ya wanawake wa Kajiado. Alipomaliza akafagia, akajipaka mafuta kichwani, akaniambia niko na sura mbaya kumshinda. Tulicheka. Ni kweli pia.

Mchumba wake alikuja kutoka Rombo. Alisimama getini na mtungi wa asali. Hakuingia. Alisema ana safari.

Baada ya kanisa mama akalileta tena neno la kugawana tembe, Naliaka akiwa amelala. "Wewe umekula hizo dawa mwaka mzima na zaidi. Umepona. Mpe mwenzako."

Nikamweleza tena. Kwamba ni miaka mitano, bila kuruka. Kwamba nikiacha, yangu inaweza kurudi. Kwamba kwa Naliaka ni sawa na kumeza chaki.

"Inaweza," mama akasema. "Yako inaweza. Yake imefika."

Namchukia anapoongea hivyo. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema.

Jumamosi, 22 Aprili

Chupa inaisha kabla ya mwezi kwisha. Nilidhani mwenye duka la dawa amenipunja, nikaenda nikamgombeza. Akanihesabia nyingine mbele ya wateja, polepole, kunitia aibu.

Mchana tukila, Naliaka akaacha kijiko. Uso ukamwiva. Jasho likamtiririka kwenye kichwa kile kitupu, akajipepea na kifuniko cha sufuria. "Ni kama mtu amewasha jiko ndani yangu," akasema. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

Nalijua joto hilo. Nimeishi nalo. Inaweza kuwa kemo, inafanya hivyo pia. Lakini mama hakuinua macho.

Jumatatu, 24 Aprili

Nilitoka kwenda kazini, nikageukia kwenye kituo cha petroli, nikarudi. Mama alikuwa jikoni. Chupa yangu mkononi. Tembe iko kwenye kijiko, anaiponda kwa kijiko kingine, uji wa Naliaka uko kando.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nalisha mtoto."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema wewe uishi. Mimi sikuulizwa." Akaendelea kuponda. "Ningeulizwa ningesema huyu. Wewe ulishazaa, mtoto wako yuko boarding, karibu ni mtu mzima. Mume amekukimbia. Huyu hajaonja chochote."

Aliyasema bila hasira, vile mtu anachagua kuku wa kuchinja. Nikamnyang'anya chupa. Kikombe cha uji kikaanguka. Naliaka akaita kutoka chumbani, kuna nini? Sote wawili tukasema, hakuna.

Sikwenda kazini. Nilikaa choo cha nje cha ploti, kile cha wapangaji wote, mpaka mtu akagonga.

Jumatano, 10 Mei

Ninatembea na tembe sasa. Kwenye sidiria yangu upande wa kushoto kuna kitambaa nilichojaza mahali pa titi. Nimekipasua mshono, nimezitia humo. Wanaume wa kichinjioni wananiangalia kifua wakifikiri hawaonekani. Waangalie. Niko na duka la dawa humo.

Mama hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwomba Naliaka aniambie.

Ijumaa, 26 Mei

Imefika kwenye ini. Daktari alituonyesha kwa kidole kwenye picha. Madoa mengi. Macho ya Naliaka yameanza kuwa manjano.

Njiani kurudi mama alihesabu kwa sauti, Naliaka akiwa amelala begani kwake. Alipokula tembe alikuwa anatembea hadi dukani. Alipika. Aliimba. Tangu nizifiche, ameanguka. Nikasema ugonjwa ulikuwa huko ndani wakati wote. Mama akasema hilo ni neno la watu waliosoma.

Ubaya ni kwamba hajakosea hesabu. Ilikuwa hivyo hasa. Alizila akatembea, zikakatika akalala. Nikiwa yeye ningeamini nini?

Wanawake wa kanisa walikuja jioni kuomba. Mama alikuwa amewaambia. Mmoja aliirudisha chai yangu mezani bila kuigusa, akasema ameshiba. Walimwombea Naliaka. Kisha wakaomba Mungu alainishe mioyo migumu ndani ya nyumba hii. Nilisema amina pamoja nao. Ningefanya nini?

Jumatatu, 5 Juni

Mama alienda soko. Naliaka akaniita nikae kitandani.

"Mama ameniambia. Alikuwa ananiwekea kwa uji."

"Ndiyo."

"Sikujua. Naapa sikujua." Akapumua. Kupumua ni kazi sasa. "Wewe niambie ukweli. Usinidanganye kama pastor. Zilikuwa zinanisaidia?"

Ningeweza kusema labda. Neno lilikuwa hapo mdomoni.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Zilikutoa jasho tu."

Aligeuka ukutani. Nilifikiri analia. Alikuwa anafikiri. Aliponigeukia uso wake ulikuwa ule wa saluni, wa kumpangia mtu kichwa.

"Basi nipe moja kila siku, mbele ya mama. Aone kwa macho yake. Nitaweka chini ya ulimi. Akitoka nakurudishia."

Nikamwambia ana wazimu.

"Mimi naenda, Nekesa. Yeye anabaki na wewe. Akibaki akijua ulininyima, utakuwa umekufa kwake pia. Na usimwambie kwamba nilitema. Hata baadaye. Niahidi."

Nikaahidi. Sikutaka. Niliahidi.

Jumapili, 18 Juni

Tunafanya hivyo kila asubuhi. Mimi nasimama na glasi ya maji. Naliaka anafungua mdomo kama mtoto. Mama anakaa mlangoni na mikono mapajani anatazama. Naliaka anakunywa, anashusha koo, anatabasamu. Ni mwigizaji. Sikujua.

Mama anatoka kwenda kumwekea maji ya kuoga. Naliaka anatema kwenye kiganja changu. Tembe imelainika, imelowa mate yake, ina uchungu wa mdomo wa mgonjwa. Ninaimeza hapo hapo, kabla mama hajarudi. Siku ya kwanza nilikimbia nje nikishika mdomo. Sasa ninameza tu.

Mama amenisemesha. Aliniita "mama" leo, vile tunavyowaita mabinti zetu tukiwa na furaha nao. Alinipakulia nyama mimi kwanza. Niliila na nikaona raha, na nikajichukia kwa hiyo raha. Nimengoja miaka mingi kupakuliwa kwanza, na nimepakuliwa kwa uwongo.

Jumatatu, 17 Julai

Tumbo limejaa maji. Miguu ni myembamba. Haongei mengi. Mama anasema ni dawa inapigana, ndiyo maana. Amewaambia wanawake wa kanisa kwamba nimebadilika. Yule wa chai alinisalimia kwa mikono miwili.

Leo Naliaka ameimeza kweli. Hakuwa na nguvu ya kuificha. Nilitoa kiganja, akatikisa kichwa, akafungua mdomo kunionyesha. Hakuna. Alisema pole. Nikamwambia si kitu, niko na zingine.

Niko na chache. Na mshahara umechelewa. Nilitaka kumgombeza mtu anayekufa kwa kumeza tembe. Hivyo ndivyo nilivyo. Naandika nisijisahau.

Alhamisi, 27 Julai

Naliaka amekufa leo asubuhi. Nilikuwa nimeshika beseni, mama ameshika kichwa. Alivuta pumzi, tukangoja nyingine.

Mama alimfunga taya kwa leso yake mwenyewe. Akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Nilipiga magoti upande wa pili nimshike mkono, mama akauondoa mkono wangu kwa upole.

"Ulianza kumpa umechelewa," akasema.

Nikafungua mdomo. Naliaka alikuwa hapo katikati yetu, bado ana joto. Nikaufunga.

Jumamosi, 5 Agosti

Kimilili. Tumemzika kando ya baba. Mahindi yamesimama marefu hadi mbele ya mlango, kijani, na huko Kajiado watu wanazika ng'ombe.

Mama alipewa nafasi aseme. Hakulia. Aliwashukuru wote. Akasema mtoto wake alipata dawa iliyokuwa ikimsaidia, watu waliona, lakini kulikuwa na nyumba moja na mkono mmoja uliobana, na mkono ulipofunguka muda ulikuwa umepita. Hakunitaja jina. Hakuhitaji. Safu nzima ya viti iligeuka.

Shangazi akauliza kwa nguvu, "Nekesa, ni kweli?"

Watu mia wakangoja. Binti yangu alikuwa amesimama karibu nami na sketi ya shule, akanitazama kama wengine.

"Mama amesema," nikajibu.

Chakula kilipotolewa nilikaa peke yangu. Nilimkasirikia Naliaka kuliko mtu yeyote aliye hai. Alitaka nisiwe nimekufa kwa mama. Yeye akapumzika, mimi akaniacha na haya. Jioni nilienda kaburini kumwambia hivyo, nikakuta mama ameketi hapo kwenye udongo, viatu amevua. Nikarudi.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua imekuja kwa fujo. Barabara ya kichinjioni ni tope, malori yanakwama, ng'ombe wanaoshuka sasa wanatembea wenyewe. Mzee mmoja wa Kimaasai alikataa kuuza wake baada ya kumleta. Alimtazama, akamtazama, akamrudisha kwa miguu. Tulimcheka. Nilimfurahia.

Kliniki wiki iliyopita. Daktari alinibonyeza shingo, kwapa, titi lililobaki. Hakuna kitu. Akauliza habari ya mdogo wangu. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Leo mchana simu ikalia, namba ya jirani wa Kimilili. Ilikuwa mama. Hajanipigia tangu mazishi. Salio la watu, kwa hiyo aliongea haraka. Akauliza kama mvua imefika huku.

Nikasema imefika.

Akasema kwao wamevuna vizuri. Akasema amenitengea gunia, nitume mtu wa kulichukua.

Nikangoja. Nilimsikia akipumua, na kuku nyuma yake, na jirani akimwambia salio linaisha.

"Unakula?" akauliza.

"Nakula, mama."

"Haya."

Akakata. Nimeanika nguo ndani, madirisha yamejaa ukungu. Nje watoto wa ploti wanaruka kwenye maji.