Debe Moja kwa Hesabu Kumi na Mbili

Baba,

Salamu nitakupa mwishoni. Kwanza nina ugomvi na wewe, na nimeubeba tangu siku tuliyokuzika. Watu walikuwa wanaimba, mimi nikitazama mkono wa Kimutai. Alikuwa amevaa saa yako. Alisimama upande wa wanaume, machozi yakimtoka kweli kweli, na kila alipojifuta uso ile saa iling'aa. Mimi, mtoto wako wa kwanza, niliyekuzika nikiwa na doa rohoni, nilikuwa nalia kwa jicho moja, jingine likichungulia saa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho ulichofundishwa kuandika kule misheni, na daftari lako lote la maji liko kwa Kiswahili. Mengine tulikuwa tunasemezana Kipsigis, lakini ugomvi huu ni wa maandishi.

Nimonia ilipokubana ulituita kitandani mmoja mmoja. Mama ulimwachia koti na kiti chako. Kimutai, ambaye hukumzaa, ulimwachia saa na daftari. Mimi nikapiga magoti nikingoja, ukaniambia kwa ile sauti iliyobaki, "Debe ni ya Chebet." Debe, Baba! Debe la mafuta taa lenye kutu mdomoni. Nyumbani kwangu ninayo matatu, moja nimepandia vitunguu. Nilitoka mle ndani nimekaza meno, na wewe ukafa kabla sijakuuliza kwa nini.

Unakumbuka lakini kwamba kabla ya saa, saa ilikuwa mimi? Kila kiangazi, king'ora cha kiwanda kikishalia asubuhi, tulishuka wawili hadi kwenye chemchemi chini ya laini, zile nyumba zetu za wafanyakazi. Ulikuwa umeijengea ukuta wa mawe, maji yote yakapita kwenye bomba moja. Wewe ulitega debe, mimi nikasimama majini na kuhesabu: agenge, aeng', somok. Maji yalikuwa baridi hata mifupa inauma, kwa hiyo kila hesabu nilibadilisha mguu, huu nainua, ule naweka. Nikitaka kuharakisha ili nitoke, ulisema, "Usikimbie, Chebet. Maji haikimbii." Nikifika kumi na mbili maji yalikuwa yamegusa ule mstari uliouchora ndani ya debe kwa msumari, mstari wa galoni nne kamili. Uliupima kwa kipimo cha kiwanda, galoni baada ya galoni, kwa sababu uliamini kila debe la dukani lina uongo wake. Kisha ulikaa juu ya jiwe ukaandika kwa wino: debe moja, hesabu 12.

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba kiwanda kizima cha chai, ambako wote walikuita Fundi, kinangoja namba iliyotoka kinywani mwangu.

Halafu askari mmoja akarudi kutoka vita vya Burma na saa mkononi, nawe ukamtolea mbuzi wawili. Siku hiyo ulipima kwa vyote viwili, mimi nikihesabu hadi thelathini bila kujali debe na wewe ukikodolea saa. Ulicheka peke yako, ukaandika kitu, hukunionyesha. Kiangazi kilichofuata hukuniita. Mama alisema nimekuwa mkubwa, niende kuchuma chai na wenzangu. Sikuwa mkubwa. Nilikuwa nimefukuzwa kazi na saa.

Na saa ilikuwa afadhali, kwa maana mtu hali chakula pamoja na saa. Akaja Kimutai, kijana uliyepewa na kiwanda umfundishe kazi. Akashika debe, akabeba spana, akaanza kuitwa "mwanangu". Nilipowaletea ugali na kibuyu cha maziwa ya mursik kwenye nyumba ya pampu niliwakuta mmeinamia ukuta, mnaandika kwa makaa. "Hawa Waingereza yetu wanapima kwa galoni," ulikuwa unamwambia. "Lakini ng'ambo kuna wengine wanapima kwa lita. Galoni moja ni lita nne na nusu na kidogo. Hiyo kidogo unaweza kuacha, lakini usisahau iko." Ukamwonyesha kwamba debe ni galoni nne, basi ni lita kumi na nane, na kwamba mtu akijua debe linajaa kwa muda gani, anajua dakika moja inaleta galoni ngapi, na lita ngapi. Kimutai alikosea mara tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na kibuyu mkononi, nimeshapata jibu tangu mara ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza. Njia nzima ya kurudi nilihesabu mistari ya michai na kuizidisha kwa nne na nusu, kwa hasira tu.

Sasa nikupe habari za huku. Ulipoondoka, nyumba yenu ilipewa mtu mwingine, Mama akarudi kwenye shamba letu Sigowet. Mimi nimebaki hapa laini kwa sababu ya kazi ya mume wangu kwenye trekta. Mvua zilipoanza Bwana Meneja akasema laini itapata mfereji wa maji ya bomba, wanawake waache kupanda ule mlima na madebe kichwani. Nilifurahi, maana kichwa kimoja kati ya hivyo ni changu. Pampu ikaja kutoka Italia, imepakwa rangi ya kijani, na ubavuni imeandikwa kwamba inavuta lita themanini kwa dakika. Kazi ya Kimutai ilikuwa kujua kama chemchemi ina hizo lita themanini wakati wa kiangazi. Wakati ule maji yalikuwa yanamwagika kila mahali. Kiangazi kilikuwa ndani ya daftari lako tu.

Akaja mlangoni kwangu, Baba. Alivua kofia. Nilikuwa namenya viazi na sikumkaribisha. "Dada Chebet," akasema, "Fundi aliniambia nikikwama na hesabu ya maji, debe iko kwako, nikuulize wewe. Mimi nilikuwa nashika debe tu, yeye ndiye alikuwa anaangalia saa na kuandika." Akanisomea mistari ya kiangazi, mwaka kwa mwaka: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili. "Hii kumi na mbili ni sekunde?"

Nilijua. Namba hiyo nimeitamka na miguu ikiwa imekufa ganzi, ningekosaje kuijua? Nilijua pia kwamba hesabu ya mtoto anayebadilisha miguu haiendi sawa na sekunde. Lakini nilitazama ule mkono na saa juu yake, ukaniwasha moyo. Nikamwambia, "Wewe ndiye uko na saa. Uliza saa." Nikaendelea na viazi.

Akavaa kofia, akaenda zake. Akapiga hesabu kama ulivyomfundisha, na safari hii hakukosea mahali. Debe moja kwa sekunde kumi na mbili ni madebe matano kwa dakika. Hayo ni galoni ishirini, na galoni ishirini ni lita tisini. Pampu inataka themanini. Bwana Meneja akaweka sahihi. Mfereji ukasimikwa karibu na stoo ya posho, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pia nikijua ninachokijua. Nilijiambia labda Mungu ataleta mvua mwaka mzima.

Hakuleta. Kiangazi kilipokaza, mfereji ukaanza kukohoa. Ukatema maji, ukatema upepo, ukanyamaza. Pampu ilikuwa inavuta zaidi ya kile chemchemi inachotoa, ikanywa hewa, mpira wake wa ndani ukaungua. Tukarudi mlimani na madebe yetu. Hilo ningelivumilia. Lakini maneno yalianza pale pale njiani, mama mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe Fundi alikuwa anakosea." Na Bwana Meneja akamwambia Kimutai mbele ya watu wote wa kiwanda kwamba mzee alikuwa anaandika tu chochote.

Jina lako, Baba. Nililichafua mimi, nikiwa na kisu cha viazi mkononi.

Kimutai angeweza kusema, "Nilimuuliza Chebet akanifukuza." Hakusema. Alisimama pale akayameza yote, na hata hilo lilinichoma, kwamba hata kwa uungwana ananishinda.

Asubuhi iliyofuata nilichukua debe lako nikashuka. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe lako, saa mkononi, daftari magotini. Nikasema bila kuzunguka, "Nilijua sio sekunde. Ni hesabu yangu. Nilikunyima kwa sababu ya wivu." Hakunitazama, alitazama bomba. "Basi hesabu," akasema.

Tukatega debe. Nilihesabu nikiwa nimesimama pakavu na viatu vyangu, moyo unapiga, na maji yalipogusa mstari nilikuwa kumi na tano. Saa ilikuwa imesema kumi na sita. Nikaogopa, Baba. Nilidhani ile hesabu yangu imepotea, imekufa na wewe. Nikavua viatu, nikaingia majini. Ile baridi! Nikainua huu, nikaweka ule. Agenge, aeng', somok, na nikakusikia kabisa ukinikataza kukimbia. Kumi na mbili, na maji yako kwenye mstari. Kimutai akasema, "Saa ni kumi na sita tena."

Akafungua daftari akanipa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulishika. Nikatafuta siku ya saa, ile siku uliyocheka peke yako, na nikaisoma nikiwa bado nimesimama majini: "Saa 40, Chebet 30. Saa inaharakisha, Chebet haharakishi. Nitafuata Chebet."

Kisha nikafunua kurasa zilizofuata. Kila kiangazi umeandika kwa penseli kumi na sita, ukaikata, na juu yake kwa wino ukaandika kumi na mbili. Mwaka mmoja penseli ni kumi na saba na kitu, wino kumi na tatu. Kimutai alikuwa ameziona hizo za penseli siku nyingi. "Nilifikiri Fundi alikuwa anakosea halafu anasahihisha," akasema. Nikafika kiangazi chako cha mwisho, ulipokuwa umeanza kukohoa, na mimi nilikuwa nimeolewa na napita mlangoni kwako nimenuna. Mwandiko umeyumba. Penseli kumi na sita, imekatwa. Wino kumi na mbili.

Miaka yote ile saa ilikuwa mkononi mwako, na kila mara ulikaa juu ya jiwe ukaigeuza irudi kuwa mimi. Nililia hadi Kimutai akaenda kusimama mbali.

Yeye anasema ulifanya hivyo ili miaka ya zamani ilingane na ya sasa, mtu aweze kulinganisha. "Fundi alitaka kipimo ikae moja," anasema. Inawezekana. Wewe ulikuwa mtu wa namna hiyo. Mwache ashike la kwake, nami nashika langu.

Tulipiga hesabu upya kwenye ukuta ule ule, na safari hii makaa nilishika mimi. Sekunde kumi na sita ni madebe matatu na robo tatu kwa dakika. Galoni kumi na tano. Lita sitini na saba na nusu, na ile kidogo yako nimeiacha bila kuisahau. Kimutai akabadilisha mpira, akakaza koki mpaka pampu ikavuta lita sitini tu. Maji ya mfereji sasa ni membamba, lakini hayakatiki. Nilikwenda naye kwa Bwana Meneja nikaeleza. Na Jumamosi ya posho nilisimama mbele ya wanawake nikawaambia kwamba Fundi hakukosea, aliyekosea ni binti yake. Wawili hawajanisalimu tangu siku hiyo. Siwalaumu.

Nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Bado nautazama ule mkono. Anapokutaja kama "mzee wangu" kuna kitu kinanidunga hapa. Jana aliingia majini ajaribu kuhesabu mwenyewe, akafika kumi na saba kabla debe halijajaa. Mwanao anakimbia, Baba. Sikumcheka mbele yake.

Kisha akachovya kalamu aandike mstari wa mwaka huu, na nikaona anaelekea kuandika kumi na sita kwa wino. Nikamnyang'anya kalamu. Nikachukua penseli, nikaandika kumi na sita, nikaikata. Nakuahidi hivi: kila kiangazi, muda wote miguu yangu itakapoweza ile baridi, nitashuka na debe langu, nitavua viatu, na sitakimbia. Na mtu wa laini hii akiniuliza jambo la maji nitamjibu, hata akiwa amevaa saa yako.

Sasa salamu. Mama hajambo, anasema koti bado lina harufu yako. Mimi pia sijambo. Sai sere, Baba, lala vizuri. Maji yako mwaka huu ni kumi na mbili.

Ni mimi,
Chebet