Kikombe Chenye Jicho

Baba Mwanaidi,

Bado nakaa eda. Watu wanasema nimejaliwa subira. Si subira, mume wangu, sihisi kitu. Juzi niliungua kwa chungu cha moto, nikautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Mama yako amehamia kwetu. Ilipokaribia arobaini yako alitaka picha yako itoke ukutani. Ile uliyoichora kwa makaa uliporudi kutoka melini, ukatuambia umeona huko Ufaransa wachoraji wanaovunja vitu vipandevipande, wakavionyesha pande zote kwa pamoja. Tulivyokucheka! Birika mdomo huku, kifuniko kule. Mbuzi ya kukunia nazi imekatika kati. Kikombe ubavu wake unaonekana, na ndani pia. Nikakuuliza kama melini walikunywesha tembo la mnazi.

Mama akasema, "Mwanangu, kitu hiki kina jicho. Penye picha ya kiumbe malaika hawaingii. Tutamsomeaje hitima?" Kiberiti alikuwa nacho mkononi.

Jicho lenyewe ni kikombe: duara la mdomo, na chai ya rangi katikati. Nibishane vipi na mzazi wako? Lakini nguo zako tumekwishazitoa sadaka, na kazi nyingine ya mkono wako sina. Nikaleta birika, kikombe na mbuzi, nikavipanga pale uani unapopajua, tulipokuwa tukinywa chai. Nikamwomba akalie mbuzi kama siku zote alizokuja kutukunia nazi, ainame, kisha aitazame picha.

Akaikalia, akainama, akainua macho ukutani. Halafu akasema, "Mbuzi kaichora kutokea hapa nilipo mimi."

Ndipo nami nikaona. Birika umelichora kutokea mlangoni, niliposimama kukumiminia. Kikombe umekichora kutoka juu, ulivyokuwa ukikiinamia wewe. Kumbe sote tumo, na hata mtu mmoja hukumchora. Mama akarudisha kiberiti jikoni, na hitima yako ikasomwa picha ikiwa ukutani.

Jana nilikaa pale pako, nikakiinamia kikombe. Nikaona chai, basi. Nililia mpaka mama akaja kunishika. Nimekukosa, Baba Mwanaidi. Leo moyo umekufa ganzi tena.

Lala salama, Mungu akupe kauli thabiti. Mwanaidi bado mdogo, sura yako hataikumbuka. Akipata akili nitamkalisha mahali pako, nimpe chai, nimwambie ainame.

Mkeo,
Mama Mwanaidi