Ratiba ya Kumwagilia Askari

Wewe uliyeliokota daftari hili — tafadhali, kwa heshima zote, lifunge. Kama umeshasoma, usimwambie mtu. Hata neno moja. Hasa usimwambie mtu yeyote wa ofisi ya maji. Mimi ni karani wa majaribio, na humu nimeandika mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote.

Jumatatu, 2 Juni

Mkuu wa ofisi ameniita saa tatu asubuhi. Nikipanda ngazi nilikuwa nimeshatunga kichwani barua ya kuomba radhi, ingawa kosa sikulijua. Kumbe anakwenda likizo, wiki tano. Akanionyesha chungu kilichoko dirishani mwake: mmea wa majani tisa, mazito, marefu, yamesimama wima kama mapanga, ya kijani yenye ukingo wa manjano.

"Huyu ni Askari," akasema. "Miaka kumi na moja niko naye. Nimehama naye ofisi tatu. Wewe ni mwangalifu, mwangalie."

Nikauliza nimwangalieje. Akasema hana shida, amezoea maisha magumu. Basi! Kuuliza mara ya pili sikuthubutu.

Atarudi Jumatatu tarehe 7 Julai. Siku hiyohiyo miezi yangu sita ya majaribio inakwisha, na mwenye kutia saini ni yeye: nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani. Nimekiteremsha chungu hadi masijala, chumba chetu cha mafaili, nikiwa nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Bwana Masijala, mkubwa wangu, akanitazama. "Kijana, huo si mmea. Huo ni mtihani."

Alikuwa anatania. Au hakuwa anatania. Uso wake siuwezi kuusoma.

Jumanne, 3 Juni

Nimetengeneza ratiba. Tarehe, saa, jina, saini. Tuko watano ghorofa hii — mimi, Bwana Masijala, Dada Muhtasi na mafundi wawili wa mita — kila mtu ana siku yake, glasi moja ya maji. Nimeipiga chapa, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki, nimeibandika ukutani juu ya chungu. Dada Muhtasi alicheka hadi akavua miwani. "Mdogo wangu, hapa hata choo hakina ratiba!" Lakini alikuwa wa kwanza kusaini.

Nimelala vizuri mchana, kwenye kiti, dakika kumi. Kitu chenye safu na mistari hakipotei.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna kisanduku kilicho wazi. Hata kimoja! Hakuna karatasi nyingine katika jengo hili iliyojazwa hivi.

Leo mzee mmoja alikuja dirishani kuulizia ombi lake la kuunganishiwa maji. Faili halijasogea. Akamwona fundi mita anamwagilia. Akasoma ratiba yote, polepole, kidole kwenye kila mstari. "Mimi miezi minne nasubiri bomba," akasema. "Huyu anapata kila siku. Ombi lake alilipeleka kwa nani?"

Watu wote walicheka. Mimi nilitafuta faili lake mpaka nikalipata.

Jumatano, 11 Juni

Jani moja limeinama. Limeegemea ukuta kama mtu anayesubiri zamu. Nimeuliza huku na huku. Fundi mita mkubwa anasema joto limezidi. Naona ni kiu. Nimeongeza zamu ya jioni.

Ijumaa, 13 Juni

Nililigusa jani lililoinama — likabaki mkononi mwangu. Halikuvunjika, lilitoka tu, kama kijiko kwenye uji. Chini limelainika, rangi ya kahawia, linanuka matope. Vidudu vyeusi vidogo vinaruka juu ya udongo. Majani mengine mawili yanacheza nikiyashika.

Nimelitia jani ndani ya faili tupu nikaja nalo nyumbani. Bibi (mimi ni mjukuu wake, naishi kwake, chumba cha nyuma) alifungua faili akidhani nimeletewa barua. "Mume wangu, sasa mnaandikiana kwa majani?" Nikamweleza. Alicheka, kisha akaona macho yangu, akaacha. Akasema kesho niende kwa muuza miche wa karibu na gereji, yule mwenye kofia ya sufu.

Sikula vizuri. Wiki tatu na siku tatu zimebaki.

Jumamosi, 14 Juni

Muuza miche alilinusa jani kabla hajalitazama. Akauliza linapata maji mara ngapi. Nikajibu kwa fahari — Mungu anisamehe — kwamba tuna ratiba, watu watano, kila siku ya kazi, na tangu Jumatano asubuhi na jioni.

Aliweka chini mkasi. Akakaa juu ya mfuko wa mbolea. Alicheka kimyakimya, mabega tu.

"Mnafanya kazi wapi?"

"Ofisi ya maji."

Hapo alilia kabisa.

Baadaye alinihurumia. Akasema mmea ule hunywa mara moja kwa wiki tatu, na ukisahau wiki ya nne haulalamiki. Majani yale mazito ndiyo matangi yake. "Mimea ya ndani haifi kwa kiu, bwana mdogo. Inauawa na watu wema." Akanipa masharti: niung'oe, nikate juu ya sehemu iliyooza mpaka nione nyama nyeupe, majani mazima niyaache yakauke siku tatu kivulini, kisha niyasimamishe kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Mizizi itatoka baada ya miezi miwili. Ikipenda.

Miezi miwili! Nina siku ishirini na tatu.

Nadhani aliona nilivyobadilika rangi, maana aliingia nyuma akatoka na mwingine. Pacha wa Askari. Majani tisa, ukingo wa manjano, kimo kilekile. Aliuweka tu mbele yangu.

Nimeununua.

Na nimenunua mwingine, wangu mwenyewe, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Dirisha lako linatazama wapi? (Ukuta wa jirani.) Unasafiri? (Hapana.) Mkono wako ni wa maji au wa kusahau? (Sisahau kitu chochote, hilo ndilo tatizo.) Akanipa wa kutambaa, majani yenye umbo la moyo, haujali giza. Sharti moja: kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini, nenda zako.

Jumatatu, 16 Juni

Tumemng'oa Askari masijala, juu ya magazeti, mlango umefungwa. Chungu kizuri cha kauri, kumbe hakina tundu. Ndani yake kuna kopo la plastiki lenye matundu. Maji yote yalipita yakabaki chini. Miguu yake ilikuwa kisimani. Dada Muhtasi alishika pua kwa mkono mmoja na taa ya simu kwa mwingine. "Sisi ofisi ya maji tumemzamisha mtu!"

Majani matano yamepona. Nilidhani yatakuwa mawili. Nikashangaa kwa sauti — kwa maji yale, hata moja lisingebaki. Bwana Masijala akakohoa.

"Zile saini zangu," akasema. "Nilisaini. Sikumwagilia."

Sote tukamgeukia.

Fundi mita mdogo akainua mkono taratibu, kama darasani. Yeye pia.

"Msinitazame hivyo," akasema Bwana Masijala. "Ningefanya kazi niliyosainia, leo mngekuwa mnazika."

Nimeibandua ratiba. Nimeiweka droo ya chini. Kuichana nilishindwa.

Pacha ameingia kwenye chungu, na chungu kimerudi dirishani kwa Mkuu. Anakaa vizuri. Anakaa vizuri mno.

Alhamisi, 19 Juni

Majani matano yamekauka makovu. Nimeyasimamisha kwenye kopo pana la mchanga chini ya meza yangu, karibu na dirisha. Niliweka alama juu na chini ya kila jani kwa penseli kabla ya kukata — muuza miche alisema likipandwa kichwa chini halioti kamwe. Kuna jambo la kuogopesha katika hilo lakini sitalifikiria leo.

Wangu wa nyumbani ana jani jipya. Limejiviringa kama karatasi ya risiti. Nimelitazama kabla ya kazi na baada ya kazi.

Jumatano, 25 Juni

Sijui imekuwaje, watu wananiuliza. Dada Muhtasi anataka kitu cha kona yake: giza, na kiyoyozi kinampiga kisogoni. Nilikwenda naye kwa muuza miche mapumziko ya mchana. Nilijibu kabla hajajibu! Ule wenye vijani vinene vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Chini una viazi, humo ndimo unamoweka akiba. Maji mara moja kwa mwezi. Muuza miche alinitazama akagusa kofia yake.

Dirisha la mafundi linaungua jua la mchana kutwa. Nimewaletea mshubiri. "Huu tukiusahau?" akauliza mdogo. Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe. Amefurahi sana, anasema hatimaye kuna jambo analoliweza.

Nawafuta majani vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kila Ijumaa, na nageuza vyungu robo mzunguko ili wasipinde. Bwana Masijala anasema natembea tofauti. Sijui. Nimepita mlango wa Mkuu leo bila kupunguza mwendo, hiyo ni kweli.

Jumatatu, 30 Juni

Wiki moja.

Dada Muhtasi ananiambia nitulie. "Nani atajua? Majani tisa, majani tisa. Utathibitishwa, tutakula keki, yamekwisha." Ana akili kuliko mimi na amekaa hapa miaka minane. Mafundi wamekubali kunyamaza. Bwana Masijala hasemi ndiyo wala hapana, anafungua tu droo na kuifunga.

Nilimwambia Bibi wakati namsaidia kuchambua mchele. Nikasema ni mmea tu. Nikasema ana mambo makubwa zaidi, Mkuu. Nikasema nikikosa kazi hii, wewe nitakusaidiaje. Alichambua mpaka sinia ikawa nyeupe.

"Sawa, mume wangu. Basi uongo huo utaumwagilia mpaka ustaafu?"

Halafu akaomba nimfungulie dirisha.

Jumatatu, 7 Julai

Saa nne. Amerudi. Ameng'aa, amepumzika. Ameniita. Amesimama mbele ya dirisha, mkono juu ya jani. "Amenenepa!" akasema. "Umemfanya nini? Mimi hajawahi kuning'aria hivi." Akaniambia faili langu liko mezani, tutaonana kabla ya saa kumi.

Nikasema ahsante, Mama. Nikatoka. Ahsante!

Saa saba na nusu. Sikula. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilijifanya nimekosea ghorofa.

Saa nane. Nimesema.

Niliingia na kopo la mchanga mkono mmoja, ratiba mkono wa pili. Niliongea haraka, nadhani nilirudia sehemu ya chungu kisicho na tundu mara tatu. Nilisema wazo la ratiba ni langu, zamu ya jioni ni yangu, pacha nimemnunua mimi. Wengine sikuwataja lakini saini zao ziko pale, sikuwa na namna. Alivaa miwani akaisoma ratiba yote, kisanduku kwa kisanduku.

"Mangapi yamepona?"

"Matano, Mama."

"Na huyu wa dirishani ni nani?"

Nikatafuta neno. "Mgeni, Mama."

Hakucheka. Kona ya mdomo wake ilifanya kitu, lakini siwezi kuapa. Alichutama — Mkuu, na sketi ya kikazi! — akayatazama matano yale kwa karibu, akanyoosha kidole kuligusa moja. Nikasema "Usilivute!" Nilimkaripia Mkuu wa ofisi. Ilinitoka.

Aliurudisha mkono.

Kisha akakaa, akavuta faili langu karibu, akasema bila kuinua kichwa: "Nenda kaandike kadi ya kubandika kwenye kopo. Yatunzweje, anayeyatunza ni nani, anapatikana wapi. Andika mahali utakapopatikana hata usipokuwa hapa."

Hata usipokuwa hapa. Likizo? Au? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshatumia ujasiri wote wa mwaka.

Dada Muhtasi amepita sasa hivi. Anasema Mkuu ameomba karatasi mbili zenye nembo. Barua za aina zote mbili huandikwa kwenye karatasi hizohizo, ya kukubaliwa na ya kuachishwa. Anasema mlango umefungwa na mashine ya chapa inasikika. Bwana Masijala amenisogezea nusu ya andazi lake. Kopo nimeliacha mezani kwa Mkuu, ndilo pekee lililo ndani na linalojua anachoandika.

Naandika kadi. Rasimu hapa kwanza, nisije nikakosea:

"Haya ni majani ya Askari. Yasimwagiliwe mpaka mchanga ukauke kabisa, kidole hadi pingili ya pili. Yasivutwe kutazama kama yana mizizi. Mpaka mwisho wa Agosti hakuna anayejua. Anayeyatunza ni karani wa masijala. Asipokuwa masijala: shuka barabara ya gereji, pita kwa muuza miche, nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Piga hodi kwa nguvu, bibi yangu ana sikio moja zito. Ukisema umekuja kwa ajili ya mmea atakukaribisha ndani. Jioni baada ya saa kumi na moja nipo. Jumamosi nipo kutwa. Simu ni hiyo hapo chini. Huwa sipokei namba nisizozijua.

Hii nitapokea."