Hatua ya Tisa Ukutani

Nablus, Jumapili

Dada yangu Wisal,

Salamu zikufikie huko Amman, wewe na wana wa marehemu ndugu yetu Fakhri uliowalea, na wajukuu ambao nasikia wamekumalizia sukari na subira. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Meno matatu yaliyobaki yanatosha kwa kunafa, kitamutamu chetu cha jibini.

Kiwandani tumeletewa binti mhandisi, Lubaba, atupunguzie kazi zisizo na maana. Nikamshauri aanze na mwenye kiwanda. Akacheka, kisha akafunika ukuta mzima kwa karatasi, kila hatua karatasi yake, tangu mafuta ya zeituni yanaposhushwa mpaka sabuni inapofungwa. Ya njano inabaki, nyekundu inafutwa.

Hatua ya tisa akaipa nyekundu. Kabla ya kufungua koki ya maji ya magadi ya moto, yanayounguza ngozi, kwenda tangi la chini, tunagonga bomba mara tatu na kungoja. Akasema ni muda wa bure. Wenzangu wakamnong'oneza aiache, humo mna majini, amuulize Ami Nimr, yaani mimi. Hao majini niliwatunga mimi, dada. Mtu ataidharau amri ya bosi, jini hamdharau.

Basi akanikalisha. Mbinu yake ni kuuliza kwa nini mara tano, kila jibu linazaa swali. Kwa nini tunagonga? Nikasema majini wapate kuhama. Kwa nini waishi humo? Nikasema kodi za mjini zimepanda. Kwa nini tangi lile tu? Kwa nini mara tatu? Nikazidi kupiga porojo. La tano akauliza kwa nini mimi peke yangu, nikishagonga, huweka sikio kwenye bomba. Mzaha ukaniishia.

Naweka sikio kwa sababu siku nyingine kunajibiwa. Mara tatu, polepole, kutoka chini, na tangi ni tupu, nimeshamulika kila pembe.

Wisal, miaka thelathini na moja nimekwambia Fakhri aliteleza akatumbukia tangini. Hakuteleza. Alishuka kusugua tangi, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza karata, nikafungua koki bila kuuliza kama kuna mtu. Nilimsikia akigonga, mara tatu. Nikadhani ni bomba linalia kwa joto. Kesho yake nikaanzisha hatua ya tisa.

Nilimweleza binti yote. Akabandika karatasi ya njano, akasema chini ya kila hatua huandikwa sababu, na yeye haandiki majini. Nimemruhusu aandike jina langu na nililofanya, Alhamisi hii ijayo. Nimetaka usikie kwangu kwanza, si kwa binamu zetu na midomo yao.

Najua umewaonya wanawe wasiwe wazembe kama baba yao, kwa sababu ya uongo wangu. Wasalimie, na uwaambie leo, kabla hujaamua unifanye nini, kwamba aliyekuwa mzembe ni mimi.

Ndugu yako, kama neno hilo bado unaniachia,
Nimr