Sambusa za Mwamini kwa Muhindi

Kasongo, siku ya posho

Miezi yote hii nilikataa kukula mule ku hoteli ya Muhindi. Watu walisema mwanaume mwenye muke anayetumikia Muhindi hatawali kwake. Paulo, karani wa serikali ya Bula Matari, ndiye alikuwa anacheka zaidi.

Leo nikamualika Paulo mwenyewe. Tukakaa ku ubao pamoja na wachukuzi wa soko, wakatuletea chapati, dengu na sambusa za moto.

Paulo akaonja. Akaomba chapati ingine, akapangusa sahani mpaka ikangaa.

"Ndugu, huyu Muhindi anajua kupika!"

"Muhindi iko ku magazini yake, anauza vitu," nikamujibu. "Anayepika ni muke wangu."

Mwamini akatokea mulangoni, unga mpaka ku viwiko. Akashituka.

"Baba Asha, umekuja kufanya nini?"

"Kukula, Mama Asha. Na chakula yako iko tamu."

Nilisema kwa sauti, watu wote wasikie.

Sasa Muhindi anataka Mwamini amufungulie hoteli ingine kule Kabambare. Ni mbali, na watoto wangali wadogo. Naogopa, siwezi kujidanganya.

Lakini nimemwambia Mwamini: akikubali, meza na viti za hoteli ile nitachonga mimi.