Ngemi Mbili za Ziada

Wambui, mjukuu wa cucu,

Huku Ngoingwa tuko salama, na mbuzi amezaa mapacha. Unauliza kama mimi pia niliwahi kusaga meno usingizini kwa mawazo, kama daktari wa meno alivyokuambia unafanya. Sana! Mimba ya kwanza ilinitia wasiwasi hadi taya likakaza, nikawa mtu wa uji tu.

Nilipojifungua pale Ruiru, mama mkwe alipiga vigelegele, zile ngemi tatu za msichana. Mimi kitandani, kwa furaha, nikapanua mdomo nikaongeza mbili. Taya likalegea palepale! Majirani walihesabu tano, za mvulana, wakaja mbio kumwona.

Kanda mashavu kwa kitambaa cha maji moto, usiumanishe meno. Halafu piga ngemi.

Mvulana huyo ni mama yako.

Cucu